Ukuta Si Woga

Neno wanalolitumia ni "mwoga". Wenye adabu husema "unabana", na wapenzi wa mpira husema "umepaki basi", lakini wote wanamaanisha kitu kimoja: kwamba anayecheza Pokémon kwa timu ya kujihami hachezi, anajificha. Nimelisikia neno hilo kwa miaka mitatu sasa, nikiwa Kilwa Masoko, simu mkononi, bando la usiku likihesabiwa. Nimelivumilia kama mtu anavyovumilia mbu. Sasa limeacha kuwa neno, limekuwa kanuni, na kanuni haivumiliwi kimya kimya.

Waandaaji wa mashindano fulani madogo ya mtandaoni, yanayowakusanya wachezaji wanaozungumza Kiswahili kutoka Mombasa hadi Mtwara, wametangaza masharti mapya. Kila timu iwe na mlinzi mmoja tu. Mechi ikifika zamu ya 40, ushindi apewe aliyetoa mapigo mengi zaidi. Sababu waliyoitoa ni ya mstari mmoja: "Tunataka vita, si usingizi." Watu walicheka, wakaweka alama za moto na vidole gumba. Mimi sikucheka, na hapa nataka kueleza kwa nini.

Kwa asiyeujua mchezo, nitaupitia haraka. Kila mchezaji huleta viumbe sita. Kila kiumbe ana mapigo manne tu, na ni wa aina moja au mbili kati ya aina 18: Moto, Maji, Majani, Chuma, Mzimu na nyingine. Moto huchoma Majani, Maji huzima Moto, na kadhalika. Katika mechi za mmoja kwa mmoja, kila zamu unachagua jambo moja kati ya mawili: kupiga, au kumtoa kiumbe wako na kumwingiza mwingine. Mpinzani naye anachagua wakati huohuo, bila wewe kuona. Wengi wetu tunacheza kwenye Pokémon Showdown, ambayo ni ya bure na hufunguka kwenye kivinjari cha simu yoyote ya kawaida. Huhitaji kununua mashine ya Nintendo ambayo hapa kwetu hata duka la kuiuza hakuna. Hiyo ndiyo sababu kijana wa Kilwa anaweza kukaa meza moja na kijana wa Osaka, na hilo peke yake ni jambo kubwa.

Katika mchezo huu, kushambulia hakuhitaji kumjua mtu. Unachukua kiumbe mwenye kasi, unampa pigo zito, unabonyeza. Ukikosea, unamwingiza mwingine mwenye kasi, unabonyeza tena. Sisemi kwamba washambuliaji wazuri hawafikiri. Wanafikiri, tena sana. Ninachosema ni kwamba inawezekana kabisa kushinda mechi nyingi bila kujiuliza hata mara moja mpinzani wako anataka nini. Mlinzi hana anasa hiyo. Kazi yake yote inaanza na swali moja: huyu anayekuja, anakuja na nini?

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate mpaka mwisho, kwa sababu lawama hii hustawi kwa watu wasiofuata kitu mpaka mwisho.

Adui ni Kingambit, jemadari wa aina mbili, Giza na Chuma. Nguvu yake ya kupiga ni 135, ambayo ni kubwa. Akipata zamu moja ya nafasi hutumia Swords Dance, na nguvu hiyo inazidishwa mara mbili. Halafu ana kipaji kinachomwongezea ukali asilimia 10 kwa kila mwenzake aliyeanguka, mpaka asilimia 50. Kwa hiyo huletwa mwishoni, wenzake watano wakiwa wamelala chini, na huimaliza timu nzima peke yake. Kila mtu aliyewahi kucheza ameonja kipigo chake.

Mshambuliaji atakuambia dawa yake ni rahisi: mwache aue mmoja, kisha ingiza mwenye kasi umuue. Hiyo haiitwi kinga, hiyo ni kisasi. Kisasi kinagharimu maiti moja kila mara, na maiti huhesabika. Kinga ni kitu kingine. Kinga ni kiumbe anayeweza kuingia uwanjani mbele ya adui aliye hai, akala pigo lolote kati ya yale manne, akabaki na uhai wa kutosha kumfukuza, na kesho yake akaweza kuifanya kazi hiyo tena. Sharti la mwisho ndilo watu hulisahau. Mlinzi anayeweza kuzuia mara moja tu ni mlango wa makuti.

Kwa Kingambit mimi humjenga Dondozo. Dondozo ni kambare mkubwa kuliko mashua, na nadhani mtoto yeyote wa pwani atampenda kwa kumtazama tu. Uhai wake ni 150, ulinzi wake 115, kasi yake 35, yaani hana haraka hata kidogo. Kipaji chake kinaitwa Unaware, na maana yake ni kwamba hajali adui amejiongezea nini. Kingambit anaweza kucheza ngoma yake ya panga mara tatu. Kwa Dondozo bado ni yule yule wa mwanzo. Kisha nampa Body Press, pigo la aina ya Ngumi linalotumia ukubwa wa ulinzi wake badala ya nguvu ya kupiga. Ngumi huumiza Giza mara mbili na Chuma mara mbili, na Kingambit ni vyote viwili, kwa hiyo anapata maumivu mara nne. Kadiri ngozi ya mlinzi inavyokuwa nene, ndivyo ngumi yake inavyokuwa nzito. Nipe mtu anionyeshe woga uko wapi hapo.

Lakini kazi haijaisha, na hapa ndipo palipo na utamu. Kila kiumbe anapewa pointi 510 za mazoezi, na sifa moja haiwezi kuchukua zaidi ya 252. Nikijaza uhai na ulinzi, ninaacha upande mwingine wazi kwa wale wanaopiga kwa nguvu ya akili, na ninapaswa kujua ni nani katika timu yangu atakayeufunga. Kila pigo hubahatishwa kati ya asilimia 85 na 100 ya ukali wake, kwa hiyo siwezi kupiga hesabu ya pigo la wastani, napiga hesabu ya pigo baya kuliko yote. Unaware hufuta ngoma ya panga, lakini haifuti ule ukali unaotokana na wenzake walioanguka, maana ule si sifa iliyoongezwa. Kwa hiyo Dondozo aliyejeruhiwa nusu, mbele ya Kingambit mwenye maiti tano nyuma yake, si kinga tena. Na tangu mchezo ulipobadilika mwaka 2022, kila timu inaweza kumgeuza kiumbe mmoja kuwa wa aina nyingine mara moja katika mechi. Kingambit akigeuka Mzimu, Body Press inapita hewani. Ndiyo maana Dondozo wangu ana pigo la Maji pia. Akigeuka kitu kinachovumilia Maji, je? Basi lazima niwe nimejua mapema, kwa jinsi alivyocheza zamu kumi zilizotangulia, na niwe na mtu wa pili.

Haya yote hufanyika kabla ya mechi kuanza, usiku, kwa karatasi na kalamu, kwa ajili ya mtu ambaye sijakutana naye. Kujenga kinga ni kumwazia mwenzako kwa makini kuliko anavyojiwazia yeye. Wanaotuita waoga hawajawahi kutufikiria hata nusu ya tulivyowafikiria.

Sasa nijibu hoja zao, maana wanazo.

Hoja ya kwanza: kujihami ni rahisi. Wanaosema hivi wamechelewa miaka kadhaa. Matoleo ya Scarlet na Violet yalipotoka Novemba 2022, watengenezaji wenyewe walipunguza idadi ya mara unazoweza kutumia mapigo ya kujiponya kama Recover, kutoka 10 za msingi hadi 5. Ukiongeza mpaka mwisho, zamani ulipata 16, leo 8. Wakaleta kugeuka aina, ambako nimekueleza. Wakaleta na Gholdengo, yule mtu wa sarafu, ambaye mapigo yasiyo ya kuumiza hayamgusi, kwa hiyo huwezi kumtia sumu, na yale mawe makali ya Stealth Rock yaliyotandazwa upande wako huwezi kuyaondoa mbele yake kwa Defog. Kila mlango uliokuwa wazi kwa mlinzi umefungwa nusu. Timu ya ukuta inayoshinda leo imeshinda kwenye mteremko uliowekwa dhidi yake. Kama ni rahisi hivyo, waandaaji wasingehitaji kanuni ya kuizuia. Wangecheza nayo wao.

Hoja ya pili ina uzito, nami sitaikwepa: mechi ndefu inamaliza muda na bando. Ni kweli. Mechi ya kuta mbili inaweza kupita zamu 100. Kuna wenzetu wanaocheza kwa kuazima simu, na kuna mitaa ambako umeme ukikatika saa mbili usiku haurudi mpaka asubuhi. Lakini dawa ya muda ni saa, na Showdown ina saa: mchezaji yeyote anaweza kuiwasha, na anayezembea hupoteza. Mlinzi anayeamua kwa sekunde tano hapotezi muda wa mtu. Mshambuliaji anayetafakari dakika nzima kila zamu, akitumaini mwenzake atakatikiwa mtandao, ndiye mwizi wa bando, na kanuni mpya haimgusi. Ukitaka kulinda muda wa watu, linda muda. Ukiwafukuza walinzi kwa jina la muda, umetumia shida ya maskini kama kisingizio cha ladha yako.

Na kuhusu mshindi wa zamu ya 40 kuwa aliyetoa mapigo mengi: huko ni kuubadilisha mchezo kuwa mwingine. Ni sawa na kusema kwamba mechi ya mpira ikifika dakika ya 90 bila bao, ashinde aliyepiga mashuti mengi. Namungo wakikaa nyuma dakika zote pale Majaliwa, Ruangwa, wakaondoka na pointi moja mbele ya Simba au Yanga, mkoa wa Lindi hauwaiti waoga. Simba na Yanga wenyewe wakienda Cairo, nchi nzima inaomba beki wasimame. Tunajua thamani ya ukuta pale tunapokuwa wadogo. Tunaanza kuudharau pale tunapojiona wakubwa.

Hoja ya tatu ndiyo yenyewe: kwamba kujihami si uanaume, si ushujaa, si vita. Hii haina hesabu ndani yake, kwa hiyo nitaijibu kwa methali ambayo bibi zetu waliijua kabla ya simu: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Sijui lugha nyingine iliyosema jambo hilo waziwazi namna hiyo. Waswahili waliishi ufukweni, meli zikija zenye heri na zenye shari, na walijua kwamba mtu mwenye akili huhesabu kwanza nani atarudi nyumbani.

Nenda barazani utazame bao. Kila mchezaji ana safu mbili za mashimo. Kete za safu ya mbele huliwa, za safu ya nyuma haziliwi. Mchezaji aliyekomaa hujua lini azirudishe nyuma, lini aziache mbele kama chambo, na lini aivunje nyumba yake na kusafiri nayo. Hakuna mzee aliyewahi kuitwa mwoga kwa kutunza nyumba. Anaitwa fundi. Kijana huyohuyo anayemwita babu yake fundi alasiri, usiku anakuja mtandaoni kuniita mimi mwoga kwa kufanya jambo lilelile na kambare.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niongee kwa ukali, nayo ni ya hapa. Mwaka 2002, katika matoleo ya Ruby na Sapphire, aliletwa kiumbe anayeitwa Relicanth, wa Maji na Mwamba, ulinzi 130, kasi 55. Ametengenezwa kwa mfano wa silikanti, samaki ambaye wanasayansi waliamini ametoweka mamilioni ya miaka, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2003, mwaka mmoja tu baada ya Relicanth kutoka, silikanti wa kwanza kujulikana katika maji ya Tanzania alivuliwa karibu na Songo Mnara, hapa Kilwa. Kiumbe ambaye watoto wa Tokyo walikuwa wakimtafuta kwenye skrini alikuwa akipita chini ya mashua zetu.

Silikanti hana haraka. Mchana hupumzika mapangoni kwenye kina kirefu, usiku hutoka kuwinda polepole. Ukoo wake umekuwepo kwa takriban miaka milioni 400, na umewazika wenye mbio wengi. Na yule wa kwenye mchezo ni somo zuri la kinga. Moto unamuumiza robo tu, mapigo ya Anga nusu tu. Lakini pigo la Majani linamuumiza mara nne. Yaani ni ukuta mbele ya moto na ni karatasi mbele ya jani. Hakuna kinga ya kila kitu. Anayejenga timu ya kujihami anaanza kwa kukubali kwamba kila mlinzi ana mahali atakapovunjika, kisha anamtafutia jirani wa kusimama hapo. Kwa hiyo kanuni ya "mlinzi mmoja kwa kila timu" haipunguzi walinzi, inawaua. Mlinzi aliye peke yake si mlinzi.

Kilwa tunalijua hilo kwa gharama. Padri Mreno João dos Santos aliandika kwamba mwaka 1587, Wazimba walipouzingira mji wa Kilwa Kisiwani, bahari yenyewe ndiyo iliyokuwa boma, na waliuingia pale tu mkazi mmoja alipowaonyesha njia ya kuvukia maji yakiwa yamekupwa. Maelfu waliuawa. Boma halikuwa dhaifu. Palikuwa na mahali pamoja pasipo na mtu. Miaka ya karibuni adui wa magofu hayohayo amekuwa mvua na mawimbi, mpaka UNESCO ikayaweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004. Yaliondolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014, baada ya miaka ya kazi isiyo na shangwe: kuimarisha kuta, kuzuia mmomonyoko, kuotesha mikoko. Hakuna aliyeimbiwa wimbo kwa kuotesha mkoko. Na Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zake, barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika Somanga na magari yakakwama siku kadhaa, kila aliyekwama aliona maana ya kutokuwa na njia ya pili.

Sisemi Pokémon ni kimbunga. Ni mchezo, nami ninaucheza kwa sababu ni mchezo. Nasema kwamba vijana wanajifunza mahali wanapocheza ni kazi gani zinastahili heshima. Ukiwafundisha kwamba aliyepiga sana ameshinda hata kama hajashinda, na kwamba aliyekesha akiziba nyufa ni mwoga, usishangae watakapokuwa wahandisi na madiwani wakapenda kukata utepe wa daraja na kuchukia kuzibua mfereji wake.

Na kuna harufu nyingine kwenye tusi hili ambayo sisi wa Kusini tunaijua. Watu wa pwani ya Kilwa na Lindi tumeambiwa sana kwamba ni wazito, hatuna mbio, tumekaa tu. Mjini unapojitambulisha unatokea wapi, kuna tabasamu fulani linakujia. Nikiitwa "mzee wa usingizi" kwenye gumzo la mechi, baada ya mtu kuuliza ninacheza kutoka wapi, siwezi kujidanganya kwamba ni Dondozo peke yake anayesemwa.

Kwa hiyo kwa waandaaji ninaomba mambo matatu, na yote yanatekelezeka leo. Futeni kikomo cha walinzi. Wekeni saa kwa kila mechi, imbane anayezembea, awe mlinzi au mshambuliaji. Na futeni ushindi wa zamu ya 40. Kama mechi lazima ikatwe kwa ajili ya ratiba, iitwe sare, maana ndivyo ilivyo. Msipofuta, nitaleta timu yenye mlinzi mmoja, nitacheza kwa kanuni zenu, na nitaendelea kusema ni kanuni mbovu.

Kwa ninyi mnaopenda kushambulia: shambulieni. Mchezo hauna maana bila ninyi. Mimi ninajenga mlango kwa sababu kuna mtu anabisha. Lakini mkikutana na ukuta usiovunjika, msitukane matofali. Kaeni chini, chukueni karatasi, muulize mjenzi aliogopa nini, aliacha wapi wazi, nani anamsaidia nani. Mtaupata ufa, maana upo kila mara. Siku hiyo mtanishinda kwa haki, nami nitaandika "umecheza vizuri" bila kinyongo. Kisha nitarudi kwenye karatasi yangu, kwa sababu usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nimeshajenga za kutosha.